Nilishuhudia Kwamba Nimefunguliwa Hofu, Kumbe Ulikuwa Moyo

Bwana Yesu asifiwe! Ndugu zangu wa usharika huu, na ninyi mliopanda kutoka mitaa ya jirani, nawasalimu. Wazee wangu, shikamooni. Nimeomba ruhusa nisome kwenye karatasi, kwa sababu nikisema kwa kichwa nitaongeza mahali na kupunguza mahali, na safari hii sitaki.

Nasema safari hii kwa kuwa wengi wenu mnanikumbuka. Mwaka juzi, Jumapili ya vijana, nilisimama hapahapa nikashuhudia kwamba Mungu amenifungua kutoka kwenye roho ya hofu. Mlipiga vigelegele. Mama mmoja alitoka kwenye benchi akanifunga kitenge kiunoni. Ushuhuda ule ulipendwa, hata mchungaji akausimulia mitaa mingine. Leo nimekuja kuusahihisha. Sikudanganya, ndugu zangu. Nilikosea, na kosa lile nusura lininyang'anye uhai.

Kwa wasionifahamu, naitwa Hilda, binti wa Mama Yohana. Nyumba yetu iko juu kabisa, na mashamba yetu ya karoti na kabichi yako bondeni. Nimesoma ualimu Dodoma, masomo ya biolojia na kemia. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Nikituma ujumbe kwenye simu nausoma tena baada ya kuutuma, kana kwamba ninaweza kuurudisha. Mtu akiniambia "tutaongea kesho," usingizi umekwisha. Wenzangu chuoni walinibandika jina la Itakuwaje, kwa sababu kila jambo likipangwa mimi huuliza: na mvua ikinyesha itakuwaje, na mtihani ukihamishwa itakuwaje.

Nilipomaliza chuo nikarudi nyumbani kusubiri ajira. Mwezi wa kwanza haujaisha, moyo ukaanza kunienda mbio. Nikipanda kutoka shambani na tenga la karoti kichwani, pumzi inakata. Nasimama, naangalia juu, njia bado ndefu. Nasimama tena.

Sasa hapo, ndugu zangu, angalieni kosa letu sisi watu wa milimani. Mtu wa Dodoma angehema kama mimi, angepelekwa hospitali siku hiyohiyo. Huku kwetu kila mtu anahema! Nani amtazame nani? Jirani yetu Mama Singano alikuwa akinipita na tenga lake, anacheka.

"Hilda, chuo kimekula mapafu yako! Huko Dodoma hata kichuguu hamna."

"Nitazoea, mama."

"Utazoea. Kula ugali wa bada, acha chipsi."

Mama yangu naye alisema hivyohivyo, nimezoea tambarare, miguu imelegea. Na mimi niliamini, kwa sababu nilikuwa na ushahidi. Nilishuka Mnazi, huko tambarare, kwa shangazi yangu kusaidia kuvuna mahindi, nikakaa wiki mbili, nikapumua vizuri kabisa. Nikarudi juu, pumzi ikakata. Nikasema basi, ni mlima. Sikufikiri kwamba Mnazi sikupanda hata ngazi moja.

Lakini moyo uliendelea. Ulinienda mbio hata nikiwa nimekaa nachambua maharage. Usiku sikuweza kulala chali, nikaongeza mto wa pili, kisha wa tatu. Na kwa kuwa kila mtu ananijua mimi ni mtu wa hofu, wote tulikubaliana kwamba ni hofu. Hata mimi. Nilikuwa na daftari dogo la kuandika mapigo ya moyo, asubuhi na jioni, nikalitupa jikoni motoni kwa aibu. Nilijiambia, Hilda, umeshaanza.

Nikaenda kwa mchungaji, nikamweleza habari za moyo na ile mito. Akaniuliza ninawaza nini, nikamwambia ajira. Akanihurumia, akaniombea vizuri sana, akaniambia moyo ukinienda mbio nisikubali. Nisimame hapohapo nilipo, nikemee kwa jina la Yesu, mpaka utulie.

Nikafanya hivyo. Nikiwa njiani na tenga, moyo ukianza, naliweka chini, nasimama, nakemea. Dakika mbili, tatu. Moyo unatulia! Kila mara! Ndugu zangu, ningesemaje kwamba sijafunguliwa? Nikaja mbele yenu nikashuhudia.

Mimi ninayefundisha watoto mzunguko wa damu, mimi niliyeuchora moyo ubaoni na vyumba vyake vinne, sikuona jambo ambalo mtoto wa kidato cha pili angeliona. Nilikuwa nasimama ili nikemee. Kusimama ndiko kulikokuwa kunanituliza. Simaanishi kwamba maombi ni bure, na nitalisema hilo mbele. Nasema tu kwamba sikuwa nimejiuliza swali, mimi ambaye maisha yangu yote ni maswali.

Baada ya ushuhuda mambo yakawa magumu zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kulinda. Nikisema pumzi inakata, watu watasema hofu imemrudia. Nikiuliza dawa, nimemkana Mungu. Basi nikaanza kuficha. Nikiishiwa pumzi njiani nasimama kujifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Au nainama kufunga kamba za viatu, mpaka siku moja Mama Singano akanisimamia juu ya kichwa.

"Hilda, mwanangu, hizo ni ndala."

Tulicheka wote wawili. Mimi nilicheka nikiwa bado nimeinama, kwa sababu sikuweza kuinuka.

Ndivyo nilivyoishi zaidi ya mwaka. Kisha nafasi ya kazi ikaja. Shule moja ya sekondari ilinikubali kufundisha biolojia, wakanipa fomu ya uchunguzi wa afya ijazwe na daktari. Mnazijua fomu hizi. Mnajua pia zinavyojazwa. Kaka yangu Yohana alikuja jikoni akanyoosha mkono.

"Lete hiyo fomu. Kuna mtu namfahamu. Kesho saa nne itakuwa na muhuri."

"Na kupimwa?"

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa unapimwa nini?"

"Yohana, hapa chini wameandika, mimi mwombaji nathibitisha kwamba nimepimwa. Natakiwa kuweka sahihi."

"Weka."

"Lakini sijapimwa."

"Dada yangu, nchi nzima imeweka sahihi hapo. Wewe peke yako ndiye umeusoma huo mstari."

Ni kweli, niliusoma. Niliusoma labda mara ishirini. Nikawaza: nikikamatwa nitafukuzwa kazi. Nisipokamatwa, je, nitamwambiaje mwanafunzi asiibe mtihani? Na mshahara wa kwanza nikitoa fungu la kumi, si nimetoa fungu la uongo? Yohana aliondoka amechoka. Ndugu zangu, ile ndiyo tabia niliyoshuhudia kwenu kwamba Mungu ameing'oa. Hakuwa ameing'oa! Leo namshukuru kwamba aliiacha, kwa sababu kesho yake asubuhi nilichukua fomu yangu nikaenda hospitali mwenyewe.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Nilimwamkia, akaitikia, akaivuta fomu na kuanza kujaza. Urefu, uzito, macho, presha. Vyote vizuri. Akaniuliza kama ninaumwa chochote, nikasema hapana. Kisha nikaongeza, "Huwa nawaza sana."

"Hapa hakuna mstari wa kuwaza," akasema, akatabasamu. "Fungua kifungo cha juu nikusikilize."

Akaweka kile chombo chao kifuani. Nilisubiri akiondoe. Hakukiondoa. Akakisogeza, akakirudisha.

"Lala ubavu wa kushoto. Usiongee. Toa pumzi, ishikilie."

Nikafanya hivyo. Akasikiliza tena, muda mrefu. Alipomaliza alikaa kwenye kiti chake, akaisogeza fomu kando.

"Ukipanda mlima unasimama mara ngapi?"

"Daktari, sisi tunaishi milimani, wote tunahema."

"Sijauliza wote. Nimekuuliza wewe."

"Mara sita. Saba."

"Na mama yako?"

"Yeye hasimami."

"Ana miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili."

Akaliandika jibu langu. Nililisikia mwenyewe. Nina miaka ishirini na sita, na mama wa miaka hamsini na mbili hunisubiri juu na tenga kichwani! Nilikuwa naliona kila siku na sikuwahi kulisema kwa mdomo.

Kisha akaniuliza kama utotoni niliwahi kuumwa koo mara kwa mara, au magoti. Nikakumbuka. Nilipokuwa darasa la tatu magoti yalivimba, yakipona yanahamia vifundo vya miguu, kisha viwiko. Mama alisema ni baridi yabisi, maana kwetu Juni ukungu hautoki mpaka saa sita. Akanikanda kwa maji ya moto, akanifunga vitambaa vya sufi, nikapona, tukasahau. Daktari akanieleza kwamba koo lile ndilo lililoanza, likaleta magoti, na magoti yalipopona ugonjwa ulikuwa umeshauma mahali pengine bila kelele. Mlango mmoja ndani ya moyo wangu ulikuwa umekakamaa na kupata kovu. Haufunguki vizuri, damu inarudi nyuma na kujaa kwenye mapafu. Ndiyo maana ya mito mitatu.

"Nitakuandikia rufaa upigwe picha ya moyo," akasema. "Usichelewe. Na mizigo mizito, basi."

Nikamuuliza swali la kijinga kabisa. Nikasema, "Kwa hiyo si hofu?"

"Hofu unayo pia," akasema. "Lakini hofu haina mlio. Moyo wako unao."

Ndugu zangu, mngetegemea nikimbie nyumbani kusema. Sikusema. Niliificha ile barua ya rufaa ndani ya kitabu cha kemia siku tisa. Nilikuwa nawaza: nikienda Dar es Salaam kutibiwa, usharika utauliza. Nikijibu, ushuhuda umekufa. Wale waliookoka wakisikia ushuhuda wangu watasemaje? Na mchungaji aliyeusimulia atauweka wapi uso wake? Nilijipangia kwamba nitafunga na kuomba kwanza, Mungu aniponye kimyakimya, ili kusiwe na haja ya kusahihisha chochote. Nilitaka Mungu anisaidie kuficha!

Siku ya kumi ilikuwa siku ya kuvuna. Gari la kupakia linasubiri barabarani, kila mtu na tenga lake. Nikisema sibebi, nitaulizwa kwa nini. Nikabeba. Nilifika katikati, nikaweka chini, nikasimama. Safari hii haikutulia. Nikakohoa, nikaweka kanga mdomoni, na nilipoiondoa ilikuwa na rangi ya waridi, mate yenye damu na povu. Nikakaa chini kwenye udongo. Mama alikuwa ameshafika juu. Akatua tenga lake akashuka mbio, akaichukua kanga mkononi mwangu akaitazama.

Nilimweleza yote palepale, kwa vipande, nikivuta pumzi. Mama akipata hofu huhamia Kishambaa, na alisema mengi ambayo sitayarudia madhabahuni. Kisha akatulia akaniuliza kwa Kiswahili, polepole:

"Una barua siku tisa?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu nilishuhudia."

Alinitazama kama mtu ambaye hajanielewa. Kisha akasema, "Kwa hiyo tukuzike na ushuhuda wako mzuri?"

Yohana na vijana wawili walinibeba kwa kupokezana mpaka kwenye gari la karoti, wakateremsha matenga, wakanipandisha mimi. Hospitali walinipa oksijeni na dawa ya kupunguza maji kwenye mapafu, na kufikia jioni nilikuwa nazungumza.

Mchungaji alikuja kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, nilikuwa hata nimeyapanga maneno. Sikupata nafasi. Alivuta kiti, akakaa. Kisha akasema:

"Binti yangu, uliniambia pia kwamba hulali chali."

"Ndiyo, baba mchungaji."

"Nilisikia. Nikaendelea kuuliza habari za ajira." Akavua kofia yake akaishika. "Mimi nina presha. Kila asubuhi nameza dawa kabla ya sala. Nilipaswa kukuuliza umepimwa. Nilikuombea, lakini sikukuuliza."

"Na ushuhuda?"

"Tutausahihisha. Wewe kwako, mimi kwangu, kila mtaa niliousimulia."

Ameshatimiza, ndugu zangu. Mitaa yote. Naamini haikuwa rahisi kwake, na nimeomba ruhusa yake kulisema hili leo.

Mengine mnayajua, kwa sababu mlichanga na kusali, na kwaya ilikuja kutuaga stendi. Dar es Salaam walinipiga picha ya moyo, nikaona kwa macho yangu ule mlango ukijitahidi, unafunguka kidogo kama mlango wa ghala uliovimba kwa mvua. Sikupasuliwa kifua. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wakapuliza puto dogo pale penye kovu, mlango ukaachia. Nilikuwa macho. Daktari mmoja kijana alikuwa ananiuliza habari za mapichi ya kwetu Lushoto, kama ni kweli yanaota hovyo kando ya barabara, na mimi namjibu huku puto liko ndani ya moyo wangu. Usiku ule nililala kwa mto mmoja. Haleluya!

Mama aliketi pembeni yangu, akasema jambo moja tu: "Nilidhani nimeyaponya yale magoti." Daktari akamweleza kwamba kumkanda mtoto si kosa, na kwamba wazazi wengi sana hawajui. Bado analiwaza. Nimegundua kuwaza kwangu nimekurithi kwake.

Sijapona kabisa, na sitaki mtu atoke hapa akisema Hilda amepona kabisa. Nachoma sindano kila mwezi ili ugonjwa usirudi, na nitachoma kwa miaka mingi. Mlango ule unaweza kukaza tena, kwa hiyo narudi kupimwa. Ile nafasi ya kazi alipewa mwingine, nililia siku nzima. Sasa najitolea kwenye shule ya kata yetu, naenda kwa miguu, na ninaposimama njiani ni kwa sababu kuna mtu wa kusalimiana naye.

Ndugu zangu, nimewaza sana Mungu alikuwa wapi katika habari hii, na sitaki kulisema kirahisi. Naamini alinisikia tangu siku ya kwanza. Nilimwomba aondoe hofu, yeye akaitumia hofu hiyohiyo kunishika mkono mbele ya mstari mmoja wa fomu. Masikio ya yule mama daktari ni yake. Bega la Yohana ni lake. Aliyejificha ni mimi.

Kwa hiyo nawasihi. Mtumainini Bwana, na mkapimwe. Msisubiri kuumwa, mimi sikujua kwamba naumwa. Mtoto akiumwa koo kisha viungo vikavimba, mkandeni, halafu mpelekeni hospitali. Mkipewa fomu, ipelekeni pamoja na mwili. Na kama kuna mtu hapa aliyewahi kushuhudia jambo, na sasa anaogopa kusema kwamba limerudi, au kwamba halikuondoka, aje anione baada ya ibada. Sitamwambia chochote. Nitamsindikiza hospitali, nitakaa naye kwenye benchi.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Ndugu zangu, kuhusu hofu sijafunguliwa. Tangu nimesimama hapa moyo unanienda mbio. Lakini Alhamisi nilikuwa kwenye kipimo, na mlango uko wazi. Huu wa leo ni woga mtupu. Mungu na asifiwe!